Mpira Ulioziba Msibani

Ulyankulu,
Tabora.
2 Agosti 2024

Mpendwa dada yangu Demetria,

Shikamoo dada. Amahoro, amani iwe kwako na kwa wote wanaolala chini ya paa lako huko Makamba, Burundi. Kifua cha shemeji Viktori kimepoa? Tulisikia kwamba mvua za mwisho zilimkohoza mpaka nyumba nzima ikakosa usingizi. Na mihogo ya bondeni je, ilipona ule ugonjwa wa batobato au mmeing'oa yote?

Sisi huku tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Hilari anauza tumbaku, au niseme anasubiri kuiuza, maana mizigo imepangwa sokoni na wanunuzi wanakuja siku wanayotaka wao. Alois amepata mtoto wa pili, wa kike, akampa jina lako. Ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Hakuna aliyeshangaa.

Barua hii anakuletea Nsabimana, yule kijana wa marehemu katekista wetu wa zamani, anayepanda treni ya Kigoma ili avuke kwenda kuwaona wakwe zake. Tafadhali isome ukiwa peke yako. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako naijua, unaiweka sauti ya juu na hata kuku wanasikiliza. Mambo ninayotaka kukuambia si ya sauti ya juu.

Dada, Uwimana ameniambia. Usimkasirikie binti yako. Alikuja kutoka Urambo kunitazama, akakaa kitandani kwangu, akaanza kulia kabla sijamwuliza kitu. Akasema kizazi chako kimeshuka tangu ulipomzaa kitindamimba wako. Kwamba unatembea umejifunga vitambaa, na ukibeba ndoo unasimama njiani ukijifanya umesahau kitu. Kwamba daktari wa huko alikuambia upasuaji, nawe ukarudi nyumbani ukasema umesikia wanawake wanaopasuliwa huvalishwa mpira wa mkojo, na bora uzikwe na kizazi chako kuliko kufungwa mpira kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Kwanza nilicheka, kwa sababu niliisikia sauti yako. Kisha nikatafuta kalamu. Ulipopiga simu baada ya Pasaka, Hilari alikujibu kwamba nimelazwa kwa ajili ya tumbo. Alisema kweli, ila tumbo hilo lilikuwa na habari ndefu. Ugonjwa wangu ulikuwa huo huo wako, na mpira nimeuvaa. Sasa nakuandikia ulivyokuwa, bila kupaka asali.

Walinipasua hospitali ya mjini Tabora. Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikapotea kama si yangu. Hawakunichana tumbo, walipitia chini, wakakitoa kizazi na kukishona kibofu kirudi mahali pake. Nilipozinduka vizuri nikaona mrija umetoka kwangu, umepita juu ya paja, umeingia kwenye mfuko uliotundikwa upande wa kitanda. Ndani ya mfuko kulikuwa na mkojo wangu, hadharani, kila apitaye auone. Dada, nilivuta shuka nikajifunika uso. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kupona kifo.

Unataka kujua kama unauma. Haukati kama kisu. Unawasha, unachoma kidogo ukigeuka, na muda wote unahisi umebanwa, unataka kukimbia chooni, wakati mkojo umeshatoka zamani. Huko ndani una kijiputo kilichojazwa maji ili usichomoke. Ukisahau ukainuka haraka, unakukumbusha.

Nesi aliyenihudumia anaitwa Elieth, mtu wa Bukene, mrefu, mwenye maneno machache. Alinifundisha kuufungua mfuko kwa chini na kuumwaga, kunawa mikono kabla na baada, kuhakikisha mrija haujipindi. Akaniambia, "Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote, mama. Ukiupandisha, mkojo unarudi ulikotoka. Na maji unywe. Unywe hata kama huna kiu."

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa Kihindi, Bi Kherunisa, mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Yeye anakwambia babu wa babu yake aliingia Tabora kwa miguu akifuata njia ya Ujiji, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wao aliyependa kutembea. Alifanyiwa upasuaji kama wangu, siku moja na mimi. Mfuko wake aliufunika kwa mtandio wa hariri. Mimi wangu niliufunika kwa kanga. Tukapita koridoni taratibu, kila mmoja na mzigo wake, tukiwa kama watu wanaotoka kununua kitu cha siri.

Siku walipoutoa mpira nilidhani mambo yamekwisha. Nikanywa maji, nikaenda chooni, nikakaa. Hakuna kitu. Nikarudi, nikanywa tena, nikaenda tena. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Tumbo likaanza kujaa, likawa gumu chini ya kitovu, na mlango ukawa umefungwa na ufunguo sina. Bi Kherunisa vilevile. Ikabidi waturudishie mpira sote wawili. Daktari akaeleza kwamba kibofu kimevimba na kulegea kwa sababu ya kushonwa, kinahitaji kupumzika, twende nyumbani na mipira yetu kisha turudi kuitoa.

Nyumbani, dada, ndiko kulikokuwa kugumu kuliko hospitali. Hospitali kila mtu ana mrija wake. Kijijini nilikuwa peke yangu.

Usiku wa kwanza tu Hilari alichukua blanketi akaenda kulala chumba cha pili. Hakusema kitu, nami sikumwuliza. Nilihesabu hilo kuwa jibu. Wanawake wa jumuiya walipokuja kunipa pole niliuficha mfuko ndani ya kikapu, nikajitenga mlangoni penye upepo. Mmoja wao akanusa, akageukia mwenzake. Labda alinusa tumbaku, sijui. Lakini tangu siku hiyo sikwenda Misa, na nikaanza kupunguza maji. Nilifikiri, nikinywa kidogo, mfuko utakuwa mwepesi, nami nitakuwa kama watu. Mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi, kisha ukawa na kitu kama unga kinachoelea. Niliona. Nikaendelea kunyamaza.

Kisha Gerson akafariki. Unamkumbuka Gerson, shamba lake limepakana na letu, yeye na Hilari walijenga mabani yao ya kukaushia tumbaku msimu mmoja. Alifia mjini, mwili ukaletwa kwa pikapu ya kukodi. Kutokwenda kwenye msiba ule haikuwezekana. Nikaufunga mfuko pajani kwa kitambaa, nikavaa vitenge viwili, na tangu jana yake sikuwa nimeweka maji mdomoni, ili nisije nikaaibika mbele ya watu.

Tulikaa kwenye mikeka, wanawake upande mmoja, jua likiwa kali. Wakati wa sala nilihisi kubanwa. Nikajiambia ni kule kubanwa kwa siku zote. Wakaimba wimbo, kubana kukaongezeka. Nikapitisha mkono chini ya kitenge nikaushika mfuko. Ulikuwa bapa, mtupu kama mfuko mpya. Nikaufinya mrija, nikajisogeza nikidhani nimeukalia. Haukupinda mahali popote. Mkojo uko ndani, dada, na njia imeziba.

Sijui nikueleze vipi maumivu yale. Umezaa mara saba, lakini uchungu wa kuzaa unakuja na kwenda, unakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Huu ulikuwa unapanda tu. Jasho likanitoka, meno yakagongana. Nikaanza kulia kwa sauti, siwezi kujizuia. Na unajua ilivyo msibani. Mama aliyekaa pembeni yangu akanikumbatia kwa nguvu, akinibana tumbo, akisema, "Lia, mama Alois, lia. Gerson alikuwa mtu wa watu." Wengine wakasikia kilio changu wakapandisha chao. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyolia. Nilikuwa nakufa mbele ya wanawake zaidi ya hamsini na wote walidhani namlilia Gerson.

Kusema nilishindwa. Ningesema nini? Kwamba nina mpira wa mkojo chini ya nguo, mbele ya jeneza?

Hilari alikuwa upande wa makaburi na koleo mkononi. Akageuka. Dada, mimi na Hilari tumezika watoto wawili pamoja, anakijua kilio changu cha msiba. Huwa silii hivyo. Nilimwona akilitupa koleo chini, akakata katikati ya watu, akaja mpaka kwenye mikeka ya wanawake ambako mwanaume hafiki, akainama.

"Mpira?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akasimama akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mke wangu ametoka kupasuliwa, ana mpira wa mkojo na umeziba. Nipisheni."

Ndivyo alivyosema. Maneno yale niliyoyaficha kwenye kikapu wiki nzima, aliyasema mbele ya kijiji kizima na katekista akiwa ameshika kitabu. Na unajua watu walifanya nini? Walinipisha. Basi. Wawili wakamsaidia kuninyanyua.

Zahanati muuguzi alijaribu kusukuma maji safi kwenye mpira kwa bomba la sindano. Hayakupita. Akajaribu tena kwa upole, nikapiga kelele. Mpira mwingine hakuwa nao, na mshono wangu ulikuwa bado mbichi, akaogopa kuung'oa ule wa zamani halafu nibaki bila wowote. Akamwambia Hilari, "Mpeleke mjini sasa hivi. Usingoje kesho."

Gari pekee lililokuwepo ni ile pikapu iliyoleta mwili. Dereva alikuwa anamalizia kula arudi Tabora. Kaka yake Gerson akasita. Akasema gari limetoka kubeba maiti, kulipakia mgonjwa hapo hapo ni kuita balaa, na watu wakaanza kunong'ona. Hilari akanitazama. Ndipo nikasema mimi, "Niwekeni humo humo. Gerson hatanikasirikia." Wakatandika godoro mahali palipokuwa pamelala jeneza. Majani ya matawi waliyokuwa wamepamba bado yalikuwa yametapakaa kwenye bati.

Barabara ya kutoka huku mpaka mjini unaijua, ila uliipita ukiwa mzima. Kila shimo liliniingia kibofuni. Niliogopa kitapasuka, niliogopa nyuzi zinakatika moja moja. Mwili ulikuwa wa moto, nami natetemeka kwa baridi. Nilitaka kusali rozari nikafika fumbo la pili nikasahau la tatu, nikarudi mwanzo, nikasahau tena. Hilari alikaa kwenye bati karibu yangu, ameshika mrija, anaukamua kwa vidole kama ng'ombe asiyetoa maziwa, huku akiulinda mfuko ukae chini.

Katikati ya safari nikamwambia, maana nilidhani sitafika, "Ulinihama kitandani."

Akashangaa. "Niliogopa kugeuka usingizini nikaung'oa. Mimi nalala kama mtu anayepigana, wewe mwenyewe unasema."

"Nilidhani nanuka."

Akaendelea kuukamua mrija. "Kunuka unanuka. Lakini mimi nakausha tumbaku tangu ujana wangu. Unadhani mimi nanukia nini?"

Nilicheka, dada, na kile kicheko kilinikata tumbo kama panga. Nikamwomba asinichekeshe tena. Naye alikuwa analia.

Tulifika jua likizama. Nesi Elieth alikuwa zamu. Hakuuliza mengi. Akafunga pazia, akavaa mipira ya mikono, akanyonya yale maji ya kijiputo, akauvuta mpira ule wa zamani polepole. Tundu lake lilikuwa limejaa uchafu mweupe kama unga uliolowa. Na mkojo ukafuata. Ulimwagika juu ya mikono yake, shuka, sakafu, viatu vyake vyeupe. Nikawa naomba radhi, naye ananijibu, "Mwaga, mama. Mwaga wote." Sijawahi kusikia neno zuri kuliko hilo.

Alipomaliza kuniwekea mpira mpya, akaniuliza, "Maji ulikuwa unakunywa?"

Nikasema hapana.

Hakunigombeza. Alichukua kikombe akajaza, akasimama mpaka nilipokimaliza, akajaza kingine. Akaniambia maji ndiyo yanayoufagia mpira kwa ndani, na mtu anayeyapunguza ili kuficha mfuko anaukaribisha ugonjwa. Damu ilipimwa, wakakuta wadudu wamepanda mpaka kwenye figo. Daktari akasema ningelala nyumbani siku ile, wangekuwa wanazungumza na Hilari habari nyingine. Nikalazwa, nikachomwa sindano asubuhi na jioni mpaka homa ikashuka.

Habari zilimfikia Bi Kherunisa, akaja kunitazama na chapati na mchuzi wa kuku, mfuko wake umo kwenye pochi kubwa ya begani iliyoning'inia mpaka magotini. Akanisimulia jinsi alivyolia nyumbani kwake kwa sababu aliona hawezi kuswali, mkojo unatoka kila dakika, twahara yake i wapi? Kaka yake akaenda kumwuliza shehe. Shehe akajibu kwamba mgonjwa wa namna hiyo anatawadha kila wakati wa swala unapoingia, anaswali jinsi alivyo, na Mungu anajua. "Na kwenu padri anasemaje?" akaniuliza.

"Sijamwuliza."

"Basi ni wewe uliyejikataza kanisa. Usimsingizie Mungu."

Nikala chapati.

Siku ya kutolewa mipira ilipofika tulikuwa pamoja tena, vitanda vilevile. Masharti yalikuwa kwamba kila mmoja akojolee kwenye jagi, mkojo upimwe, halafu wanaingiza kimpira chembamba kuona uliobaki ndani ni kiasi gani. Ukibaki mwingi, mpira unarudi. Tulikunywa maji mpaka matumbo yakapiga kelele. Tukatembea koridoni mikono mitupu, tunachekana tulivyozoea kuinamisha bega moja.

Bi Kherunisa alikwenda kwanza. Alitoka chooni na jagi lake anatabasamu. Lakini walipompima, uliobaki ulikuwa mwingi kuliko uliotoka. Nilimwona akigeuzia uso ukutani wakati Elieth anavuta pazia.

Zamu ikabaki yangu, na kwangu hakukutoka hata tone. Nilikwenda mara nyingi. Nilifungua bomba nisikilize maji, nikajimwagia maji ya vuguvugu, nikasukuma mpaka Elieth akanigombeza kwamba nitaharibu mshono, nisikamue. Tumbo likaanza kuwa gumu. Ugumu ule nilikuwa naujua sasa, na kwa kuujua nikauogopa mara mbili. Niliiona pikapu, nikaona mikeka. Nilijiapia moyoni kwamba sirudi kijijini na mpira tena, heri nibaki kufagia wodi ile mpaka uzee. Daktari alikuwa anapita vitanda vya mwisho.

Nikaenda mara moja zaidi. Nikakaa, nikainama mbele, viwiko juu ya magoti. Nilikuwa nimechoka hata kuomba. Nikaanza tu kumfikiria yule mpanga madaraja wa tumbaku aliyeyaita majani yetu ya daraja la juu kuwa ya daraja la chini mwaka jana, nikawa namgombeza moyoni, nampa maneno yote niliyokosa siku ile. Nilipofika mahali pa kumwambia kuhusu mama yake, nikasikia sauti. Nikadhani bomba limeachwa wazi. Haikuwa bomba, dada. Ilikuwa ni mimi.

Nilikaa pale nikisikiliza mpaka ulipokwisha, sithubutu kuvuta pumzi nisije nikaukatiza.

Nilitoka na jagi nimelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maziwa ya mgeni. Kisha nikamwona Bi Kherunisa kitandani, mfuko mpya umetundikwa ubavuni pake. Nikalificha jagi nyuma yangu. Aibu ilinishika, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa.

"Lete nione," akasema.

Sikusogea.

"Mama Alois, usinifiche. Lete."

Nikampelekea. Akalitazama muda mrefu. "Mashallah," akasema. "Mwingi." Akacheka, kisha akauvuta mtandio akajifunika uso, mabega yakatikisika. Niliweka jagi chini nikakaa kwenye kitanda chake. Elieth alikuja kunitafuta anipime, akatuona, akarudi, akanisubiri.

Waliponipima, uliobaki ulikuwa kidogo sana. Niliruhusiwa kesho yake.

Nisikudanganye kuhusu Bi Kherunisa, maana naye ni sehemu ya ukweli. Yeye bado hajapona. Walimfundisha kuingiza mwenyewe kimpira chembamba, anatoa mkojo, anakiondoa, hana tena mfuko wa kubeba. Mwanzoni ilimchukua muda mrefu, sasa anafanya haraka kuliko kusuka nywele. Yuko dukani kwake, anauza, anaswali. Juzi alinipigia akasema kinachobaki kibofuni kinapungua na daktari ana matumaini. Alisema hivyo kwa furaha. Mimi bado namwombea kila Jumapili, maana sasa Misa naenda, nakaa kiti cha mbele kwa makusudi.

Na mimi mwenyewe nikikohoa sana tone linanitoroka. Ndoo kubwa nimekatazwa, Hilari ndiye anayechota, na wanaume wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Lakini dada, hakuna kitu kinachoning'inia kati ya miguu yangu. Natembea. Nachuchumaa kupalilia mchicha na nainuka bila kujishika. Jambo hilo nililisahau linavyokuwa.

Hayo ndiyo yote, mabaya na mazuri, sikuacha kitu. Wewe ni mkubwa wangu, uliyenibeba mgongoni tulipokuwa tunahama makambi ya wakimbizi, siwezi kukuamuru. Ukitaka kupasuliwa huko, nitakuja nikae nawe. Ukitaka kuja Tabora, Uwimana na mimi tutakupokea stesheni. Na ukikataa kwa sababu umri umekwenda, au shemeji hana wa kumwangalia, au moyo wako hautaki tu, nitakuelewa, na sitalizungumza tena. Ila usikatae kwa kuuogopa mpira. Mpira nimeuvaa mimi, ukanizibia mbele ya jeneza, na leo nimeketi nakuandikia. Tafuta sababu nyingine, dada. Hiyo haitoshi.

Nisalimie shemeji Viktori, mwambie anywe asali ya mwitu niliyompa Nsabimana, ni ya kifua chake, asiwape wajukuu. Nisalimie Esperansi na watoto wake, na Irambona, mwambie sijasahau kwamba ni kitindamimba wako na hajaniandikia hata mstari mmoja. Hilari anakusalimu sana, na Alois, na Demetria mdogo anapiga kelele hapa kukusalimu pia.

Imana, Mungu wetu, akulinde mchana ukitembea na usiku ukilala, akupe moyo usioogopa.

Nakupenda, dada,
mdogo wako,

Bertila